Kupoteza kuona au kupoteza kusikia: swali hili linauliza nini hasa?

Mwambie mtu achague kati ya upofu na uziwi, na mara nyingi hata hafikirii: heri masikio yaende, macho yabaki. Naelewa kwa nini. Kila mmoja wetu amewahi kufumba macho, au kupapasa ukuta usiku taa zilipozimika, akaujua ule woga. Uziwi hauonjeki hivyo. Tunasema macho hayana pazia, lakini kope zipo. Masikio ndiyo hayana pazia kabisa, hata usingizini yako wazi. Basi anayejibu haraka analinganisha kitu alichokionja kidogo na kitu asichokijua.

Na hata hicho alichokionja sicho. Wengi wanaoitwa vipofu huona angalau kitu kidogo: mwanga wa dirisha, kivuli cha mtu anayepita, rangi kali. Halafu kufumba macho kwa dakika tano ni siku ya kwanza ya upofu, siku ya kujigonga. Aliyeishi nao miaka mingi ana maarifa ambayo wewe huna. Mtazame akimimina maji kwenye glasi: sauti ya maji hupanda kadiri glasi inavyojaa, naye hukoma mahali panapotakiwa bila kuchovya kidole. Fimbo ikigonga sakafu, mwangwi humwambia kama yuko kwenye ujia mwembamba au ukumbi mpana. Kusoma nako kuna nukta nundu, mfumo aliouchapisha Louis Braille mwaka 1829, yeye mwenyewe akiwa amepofuka tangu utotoni.

Uziwi unaotokea ukubwani huja kwa namna nyingine, wala si kimya cha ghafla. Ule wa uzee huanza kwa kuiba sauti nyembamba, zile za f, s na sh. Irabu zinabaki. Ndiyo maana mzee hulalamika kwamba anasikia ila haelewi: "fika" na "shika" kwake ni neno moja. Ukimpigia kelele humsaidii, unazidi kuzikuza irabu ambazo tayari anazisikia. Kinachofuata ni mambo madogo yanayouma. Watu wanacheka mezani, naye anacheka baada yao, kwa kuwaangalia nyuso. Anauliza, "Umesema nini?" Anajibiwa, "Aa, si kitu." Hilo "si kitu" likirudiwa kwa miaka, mtu huacha kuuliza, kisha huacha kukaa mezani. Asiyeona huulizwa kama anahitaji msaada. Asiyesikia vizuri hudhaniwa mkaidi au mzito wa akili.

Kiswahili chenyewe kinatuonyesha ukubwa wa jambo hili. Tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, na mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Upande wa pili tunaona haya, tunaona uchungu, na tukitoa maoni tunasema "naona." Hakuna kati ya vitenzi hivi viwili kilichokubali kubaki kwenye kiungo chake.

Aliyekuwa na haki ya kulijibu swali hili kuliko wengi ni Helen Keller, aliyezaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1880, na kupoteza kuona na kusikia kwa pamoja akiwa na miezi 19. Katika barua ya mwaka 1910 aliandika kwamba uziwi ni msiba mkubwa zaidi, kwa kuwa unaondoa sauti ya binadamu, ile inayoleta lugha na kuamsha fikra. Namheshimu sana, lakini hapa nadhani maisha yake yanasema zaidi ya barua yake. Lugha haikumfikia kwa sauti. Ilimfikia mwaka 1887 kwa vidole vya mwalimu wake, Anne Sullivan, vilivyotamka herufi kwenye kiganja chake. Tena mwaka uleule aliozaliwa, mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan uliamua kwamba wanafunzi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, lugha ya alama, ile ya mikono, iondolewe. Uziwi wa zama zake ulikuwa uziwi uliofungwa mikono.

Kwa hiyo swali lina neno lililopungua: lini? Aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 50 tayari ana lugha. Amepoteza njia yake ya kuzungumza na watu wake. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, ambaye mara nyingi wazazi wake wanasikia, yuko kwenye hatari nyingine kabisa: kufika umri wa shule bila lugha yoyote. Hatari hiyo haitoki masikioni. Akikuzwa katika lugha ya alama tangu uchanga, lugha kamili yenye sarufi yake, hupiga hatua kama watoto wengine, na hata "hubwabwaja" kwa vidole kabla ya alama yake ya kwanza.

Mimi nikilazimishwa leo, kwa umri wangu na watu nilionao, ningebaki na masikio, kwa sababu hakuna hata mmoja wao anayejua alama. Lakini ukimuuliza kiziwi wa kuzaliwa angechagua kupoteza nini, sehemu moja ya swali haimgusi, maana hakuna alichopoteza. Fikiria watu wanaoagana kituo cha mabasi: gari linapoanza kuondoka na vioo vimefungwa, wanaosikia hupunga mkono na kukata tamaa. Viziwi wawili, mmoja ndani na mwingine nje, bado wanaendelea na mazungumzo yao.