Mafunzo ya Wafanyakazi kwa Njia ya Mtandao: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Waajiri wengi, hasa wenye matawi mikoani, huwa wamekwisha kuamua kuhusu mafunzo ya mtandaoni kabla ya kuyajaribu. Wapo wanaoyaona kuwa semina iliyopunguzwa hadhi, na wapo wanaoyapenda kwa sababu moja tu, kwamba yanapunguza matumizi. Pande zote mbili hukosa faida yenyewe, na anayeumia ni mfanyakazi anayetakiwa kuhudumia wateja bila kuandaliwa.

Dhana potofu: Mtu hawezi kujifunza kwa kina bila kukaa ana kwa ana na mkufunzi.

Wizara ya Elimu ya Marekani ilikusanya tafiti zilizolinganisha njia hizi na kutoa ripoti mwaka 2009, iliyorekebishwa 2010. Ilibainika kwamba, kwa wastani, waliosoma kwa mtandao walifanya vizuri kidogo kuliko waliosoma darasani tu, na kwamba ubora huo ulionekana zaidi pale njia zote mbili zilipochanganywa. Waandishi wake walitahadharisha kuwa sifa hiyo haiwezi kupewa mtandao peke yake, kwa kuwa waliochanganya mara nyingi walipata pia muda zaidi na vifaa zaidi vya kujifunzia. Kwangu mimi tahadhari hiyo ina uzito kuliko matokeo yenyewe, kwa sababu inaonyesha faida inapotoka: ni katika muda wa kujifunza na nafasi ya kurudia.

Semina ya siku mbili hutoa mambo mengi kwa mfululizo, kisha kila mtu hurudi kituoni kwake. Tangu mwaka 1885 mtafiti wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha kwa kujipima mwenyewe kwamba yaliyokaririwa husahaulika kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa husaidia kumbukumbu kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 2006 watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke, wakiwafanyia majaribio wanafunzi wa chuo, walikuta kwamba waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walihifadhi mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma upya. Somo fupi la kila wiki, lenye maswali machache yanayorudia mambo ya wiki zilizopita, hufuata kanuni hizo, na ni vigumu kwa mwajiri kulitoa kwa kuwasafirisha watu.

Mfano mzuri uko Kenya. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na wadau wengine, lilianzisha mpango wa kuwawezesha wauguzi wenye cheti kupanda hadi stashahada kwa kujifunza kupitia kompyuta huku wakiendelea na kazi. Waliolengwa walikuwa zaidi ya 20,000, na kuwaondoa wote hao vituoni kwenda kukaa chuoni kungewaacha wagonjwa bila mhudumu. Mafunzo ya vitendo yalibaki hospitalini chini ya usimamizi. Hivyo ndivyo inavyofaa hata katika biashara: afisa mikopo anaweza kujifunza kanuni za riba kwenye simu, lakini namna ya kuzungumza na mteja aliyeshindwa kulipa ataijua vizuri akiwa kando ya mwenzake mzoefu.

Dhana potofu: Faida kuu ni kupunguza gharama.

Ni kweli kwamba nauli, malazi na kodi ya ukumbi hupungua. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na mfanyakazi anayeitwa kwenye semina ya siku moja hupoteza siku kadhaa za kazi. Hata hivyo, somo zuri lina gharama ya kuliandaa, na kila kanuni inapobadilika lazima lisahihishwe.

Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba maelezo yale yale huwafikia wote kwa wakati mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika Tanzania mwezi Mei 2023, iliwagusa pia keshia anayetoa nakala ya kitambulisho cha mteja na mlinzi anayeandikisha wageni getini. Kwa mtindo wa semina, meneja wa tawi huitwa, halafu huagizwa akawafundishe wenzake, na katika kila hatua kuna jambo linalosahaulika au kuelezwa vibaya.

Dhana potofu: Intaneti yetu haitoshi.

Haitoshi ikiwa kila somo ni video ndefu. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 29 kwa saa nzima, na maandishi huchukua nafasi ndogo kuliko hiyo. Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo ya mtandaoni inayopatikana bila malipo tangu 2002, ina toleo la simu linalomwezesha mtu kupakua somo penye mtandao na kulisoma baadaye akiwa nje ya mtandao.

Dhana potofu: Wafanyakazi hawamalizi masomo kwa sababu ni wavivu.

Takwimu za kozi huria za MIT na Harvard, zilizochapishwa mwaka 2019, zilionyesha kwamba katika mwaka wa masomo 2017/18 ni takriban asilimia 3 tu ya washiriki wote waliomaliza, lakini miongoni mwa waliolipia cheti walifika asilimia 46. Kozi zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni kusudi la mtu na anachotarajia kupata. Kwetu tuseme wazi kwamba semina humpa mfanyakazi posho na nafasi ya kukutana na wenzake. Akiondolewa hayo yote na kupewa nywila tu, kusitasita kwake si uvivu. Apewe cheti kinachozingatiwa wakati wa kupandisha vyeo, na msimamizi wake amuulize kila wiki alipofikia.

Dhana potofu: Kwa kuwa somo liko kwenye simu, atalisoma nyumbani kwa muda wake.

Dhana hii ndiyo inayoharibu mipango mingi, na haina haki ndani yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Mafunzo yaliyoagizwa na mwajiri ni sehemu ya kazi. Mama anayefika nyumbani saa mbili usiku, akiwa na watoto wa kulisha, hatajifunza chochote saa nne, hata kama mfumo utaonyesha kwamba amefungua kila ukurasa. Nusu saa kabla ya tawi kufunguliwa, mara mbili kwa wiki, ihesabiwe kwenye mshahara, na bando la data lilipwe na mwajiri kutoka katika fedha ile ile iliyookolewa kwenye nauli.