Mbunge wa Kenya hana kinga ya kuvuliwa ili ashtakiwe

Tangu Seneti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ipige kura 88 kwa 5, tarehe 22 Mei 2025, kumvua Joseph Kabila, rais wa zamani na seneta wa maisha, kinga ya kutoshtakiwa, dawati letu hapa Malindi hupokea barua zinazolitaka Bunge la Kenya nalo limvue kinga mbunge fulani. Tunashukuru kwa barua hizo, ila hazina pa kupelekwa.

Katiba ya Kongo, kifungu cha 107, husema kwamba wakati wa vikao mbunge au seneta hashtakiwi bila idhini ya wenzake, isipokuwa akifumaniwa akitenda kosa. Kwetu hakuna kura ya namna hiyo. Kifungu cha 117 cha Katiba ya Kenya hulinda kauli za bungeni, na sheria ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka na kinga za Bunge huongeza yaliyoandikwa kwenye ripoti za Bunge na kamati. Basi. Mbunge akimtaja mtu bungeni kuwa amenyakua ardhi, hashtakiki. Akiyarudia yayo hayo jukwaani Malindi au kwenye kundi la WhatsApp, atajibu mwenyewe. Yakiwa ya uchochezi wa kikabila, kifungu cha 13 cha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa kina faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Mwenye lalamiko aende kituo cha polisi, aandikishe, wala asiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Ataje siku, saa, mahali na waliosikia. Malalamiko mengi hufia kwenye video: klipu iliyopita simu ishirini haina mwenyewe. Faili ya awali ibaki kwenye simu iliyorekodi, maana mahakama hudai cheti cha kueleza ilivyorekodiwa na kutolewa. Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kwa kifungu cha 157 cha Katiba hahitaji ruhusa ya yeyote, awe spika au sisi. Anayempa polisi habari anayojua ni ya uongo anatenda kosa naye.

Halafu lipo lile swali la kila wiki: “Kwani mwizi apewe dhamana ya nini?” Huyo bado si mwizi, ni mshtakiwa. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha, na akikamatwa Ijumaa jioni, ni Jumatatu. Aelezwe mashtaka kwa kina, apewe mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, muda wa kujiandaa na wakili amtakaye, na mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya korti. Mvuvi wa kijiji cha Mayungu ana haki hizo hizo, na hatujapata barua ya kutaka anyimwe.

Kiti pia hakipotei kwa kushtakiwa. Hupotea kwa hukumu ya kifungo cha miezi 6 au zaidi, tena baada ya nafasi zote za rufaa na mapitio kwisha. Kesi ikiamuliwa na hakimu wa Malindi, rufaa ya kwanza ni Mahakama Kuu, papa hapa mjini.