Hotuba Ipimwe kwa Waliokaa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Hotuba iliyoandikwa vizuri inafaa popote.

Ukweli: Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameivamia Kagera, Mwalimu Nyerere angeweza kuwaeleza Watanzania habari za mipaka na sheria za kimataifa. Hayo yana majukwaa yake. Kwa wananchi alilifupisha jambo likabaki na nguzo tatu: sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Aliyeyasikia mara moja redioni aliweza kumsimulia jirani bila kuacha kitu. Huko si kuwadharau wasikilizaji. Mtu ambaye nchi yake imevamiwa anataka kwanza kujua tutafanya nini, na Mwalimu alianzia hapo.

Dhana: Heshima ni kumtaja kila mkubwa aliyepo.

Ukweli: Tanzania dawa tunayo tayari: "itifaki imezingatiwa". Mtaje mgeni rasmi, sema hivyo, endelea.

Msibani ningeomba twende mbali zaidi: wafiwa watangulie, waheshimiwa wafuate. Inauma kumwona mjane chini ya turubai akingoja majina ya madiwani na wenyeviti yaishe ndipo apewe pole. Tena misiba haifanani. Mazishi mengi ya Kikristo yana nafasi ya wasifu wa marehemu na salamu za rambirambi. Ya Kiislamu hufanywa upesi, na pale kaburini watu wanataka dua. Kama ofisi imekutuma na kurasa tatu, waulize wanafamilia kwanza. Huenda pole ya maneno machache kwa wafiwa, baada ya maziko, ikawa ndiyo hotuba yenyewe.

Salamu nayo hupimwa. Tangu 2021 Rais Samia Suluhu Hassan amewazoesha watu "Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania", na umati hujibu "Kazi iendelee". Kwenye mkutano wa taifa wenye watu wa dini zote imekaa mahali pake. Kwenye kitchen party haina kazi. "Shikamooni wazazi wetu" inatosha.

Dhana: Ukishika karatasi, usiiache mpaka mwisho.

Ukweli: Kenya, Rais Moi na baadaye Rais Kibaki walikuwa wakisoma hotuba rasmi ya sikukuu ya taifa kwa Kiingereza, kisha wanaiweka kando na kuzungumza Kiswahili. Karatasi ilibeba msimamo wa serikali. Kiswahili kilikuwa cha watu waliokaa juani tangu asubuhi. Siku moja, uwanja mmoja, hadhira mbili, na kila moja ikapewa chake.

Dhana: Msibani hakuna utani.

Ukweli: Inategemea nani anasema. Mnyamwezi kwenye msiba wa Mzaramo, akiwa mtani, anaweza kumuiga marehemu alivyokuwa akitembea, akadai deni la uongo, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Ni haki yake kwa mila, na familia huipokea kama faraja. Maneno hayo hayo akiyasema bosi wa marehemu aliyefika na gari la ofisi, ni matusi. Kwa hiyo kabla ya kushika kipaza sauti, muulize mzee wa ukoo au mshereheshaji: hapa mimi ni nani kwao?