Kwa nini barua pepe ya tapeli inatoka kwenye anwani yako mwenyewe?

Mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo alinikabidhi simu yake, mkono ukimtetemeka. "Mwanangu, hivi nimejiandikia mwenyewe?" Kwenye nafasi ya mtumaji palikuwa na anwani yake, herufi kwa herufi. Mwandishi alidai amemrekodi kwa kamera ya simu na anataka Bitcoin ndani ya saa 48. Ushahidi wake: nimekuandikia kutoka kwenye akaunti yako.

Ushahidi huo hauna uzito. Chukua bahasha, nenda Posta Mpya. Nyuma yake unaandika S.L.P. yako, na karani anaangalia stempu na sanduku la anayepelekewa. Haulizi kama namba ya nyuma ni yako kweli. Ungeweza kuandika ya jirani, hata ya huyo huyo unayempelekea.

Barua pepe ilijengwa hivyo hivyo. Utaratibu unaoisafirisha, SMTP, uliandikwa na mtaalamu wa kompyuta Jon Postel mwaka 1982, enzi ambayo mtandao ulikuwa wa vyuo na watafiti waliofahamiana. Haukumtaka mtumaji athibitishe yeye ni nani. Tena mtumaji hutajwa mara mbili: mara moja seva, yaani kompyuta zinazopokea na kupeleka barua, zinapokabidhiana mzigo, na mara ya pili ndani ya barua yenyewe. Unachokiona kwenye kioo ni hicho cha pili, maandishi tu. Programu ya tapeli hujaza hapo anwani ya kila anayemwandikia, hata wawe maelfu, bila kugusa akaunti ya yeyote.

Viraka vilikuja baadaye. SPF hutangaza ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako la mtandaoni, lile linalofuata alama ya @. DKIM hugonga muhuri wa kidijiti. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, hupima kama jina linaloonekana linaoana na hayo, kisha huelekeza barua ya kughushi ikataliwe au itupwe kwenye taka. Wanaoumia ni wenye biashara ndogo: jina la .co.tz limesajiliwa, fundi kafungua barua pepe, kaondoka bila kuweka rekodi hizo. Hilo linaniuma, maana ni mistari michache tu ya maandishi.

Tulifungua folda ya zilizotumwa. Barua ile haikuwemo. Orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti ilionyesha simu yake peke yake. Tukatazama vichwa kamili vya barua, yaani maelezo yaliyofichwa ya njia iliyopitia: ilitoka kwenye seva ngeni kabisa. Tungekuta kifaa tusichokijua, hapo nywila ingebadilishwa papo hapo.

Kuna matapeli wanaoongeza nywila yako halisi ili uamini. Mara nyingi hiyo imevuja kwenye tovuti uliyojisajili zamani, kama ilivyowapata watumiaji wa LinkedIn mwaka 2012. Kama bado unaitumia popote, ibadilishe leo.

Mama hakulipa hata senti. Alimpigia fundi wake, na kabla ya adhuhuri rekodi zote tatu zilikuwa zimewekwa kwenye jina la duka lake.