Safari Zisizohesabiwa

Kila ninapopewa mpango wa barabara ya mjini niupitie, naanza na jedwali la hesabu ya magari, kwa sababu maamuzi mengi yanayofuata huzaliwa humo. Watu au kamera huwekwa kwenye makutano, kila chombo kinachopita huandikwa, idadi hiyo hukadiriwa itakuwa imefika wapi baada ya miaka 20, kisha barabara inasanifiwa iweze kuyapitisha magari hayo yote bila foleni. Ni kazi yenye nidhamu, na sisi wapangaji wa usafiri tumefunzwa kuiamini. Tatizo ni kwamba inawahesabu waliopita peke yao.

Mzee aliyeacha kwenda kliniki kwa kuwa hawezi kuvuka barabara ya njia sita hayumo kwenye jedwali. Binti aliyeacha masomo ya jioni kwa kuwa kituo cha basi kiko gizani hayumo. Anayetumia kitimwendo, ambaye mlango wa basi uko juu mno kwake na njia ya miguu inakatika kila baada ya hatua chache, huyo hayumo kabisa. Kisha mahali ambapo hakuna aliyeonekana akitembea panasomeka kama mahali pasipo na haja ya njia ya miguu, na mstari wake unafutwa kwenye mchoro. Barabara inawafukuza watu, halafu kutokuwepo kwao kunageuzwa kuwa ushahidi kwamba hawakuihitaji.

Ninaposema usafiri unaomjali mtu, nazungumzia kurekebisha hesabu hiyo kwanza. Tukihesabu watu badala ya vyombo, na tukiziweka hesabuni hata safari zilizoshindikana, majibu mengi yanabadilika yenyewe.

Chukua basi lenye abiria 60. Katika mahesabu ya uwezo wa barabara, wahandisi hulibadilisha basi kuwa sawa na magari madogo mawili au matatu, kwa sababu ya urefu wake na jinsi linavyochelewa kuondoka kwenye taa. Yaani mwili wa basi unahesabiwa, waliomo ndani hawahesabiwi. Kwa kipimo hicho basi ni kero inayokula nafasi ya magari matatu, wakati ukweli ni kwamba limebeba watu ambao wangejaza magari 40 kama kila gari lingebeba mtu mmoja na nusu kwa wastani. Curitiba, Brazil, walilitambua hilo mapema: mwaka 1974, chini ya meya Jaime Lerner aliyekuwa msanifu majengo, waliyapa mabasi njia zake yenyewe katikati ya barabara kuu. Bogotá, Colombia, wakafuata na mfumo wa mabasi wa TransMilenio Desemba 2000, na kwenye sehemu zake zenye shughuli nyingi mfumo huo umebeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa uelekeo mmoja, kiwango ambacho awali kilidhaniwa kuwa cha treni tu. Siri yake kubwa ni ya kawaida mno: kituoni kuna njia ya pili ya kupitana, abiria hulipa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Hilo la mwisho linamfaa mwenye kitimwendo, mwenye mtoto mgongoni na mwenye goti bovu, na papo hapo linapunguza muda ambao basi linasimama. Si mara nyingi utaona uhandisi ambapo haki na kasi vinatoka kwenye uamuzi mmoja.

Kipimo kibaya kina nguvu ya sheria pia. Kwa miongo mingi barabara zimepewa daraja kuanzia A, iliyo bora, hadi F, iliyo mbaya kabisa, kulingana na muda ambao dereva anacheleweshwa. Kwa daraja hizo, njia ya baiskeli inayopunguza mwendo wa magari inahesabiwa kuwa madhara. Mwaka 2013 jimbo la California lilipitisha sheria ya kukiondoa kipimo hicho katika tathmini za athari kwa mazingira, na tangu Julai 2020 miradi inapimwa kwa jumla ya umbali ambao magari yataendeshwa kwa sababu yake. Mradi uleule uliokuwa mkosaji jana unakuwa na faida leo, bila hata jiwe moja kubadilishwa.

Kuhusu kupanua barabara ili kuondoa foleni sitakaa sana, ushahidi ni mwingi. Nafasi mpya huvuta safari mpya. Barabara kuu ya Katy mjini Houston, Marekani, ilikamilishwa upanuzi wake mwaka 2008, na mahali pengine ukijumlisha njia za pembeni inafika njia 26. Ndani ya miaka michache muda wa safari za saa za msongamano ulikuwa unapanda tena. Seoul walikwenda kinyume. Kuanzia 2003 walibomoa barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon, iliyokuwa ikipitisha zaidi ya magari laki moja na nusu kwa siku, na mwaka 2005 mto ukafunguliwa kwa watu. Janga la foleni lililotabiriwa halikutokea. Lakini jambo linalosahaulika ni kwamba katikati, mwaka 2004, jiji liliupanga upya mfumo wake mzima wa mabasi, njia, nauli na tiketi. Kubomoa bila mabasi mazuri kungewaumiza watu wale wale.

Sasa nije kwenye kutembea, maana hapa ndipo naona maumivu mengi yasiyoandikwa. Hakuna safari ya basi au treni isiyoanza na isiyoishia kwa miguu. Taa za kuvukia mara nyingi hupangwa kwa kudhani mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 kwa mwendo huo inavukwa kwa sekunde 12. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 17 na nusu. Tofauti hiyo ya sekunde tano na nusu anaimaliza akiwa katikati ya lami, magari yakianza kuondoka. Hakuna bajeti inayohitajika kuirekebisha. Ni kubadilisha namba kwenye kisanduku cha taa na kukubali kwamba magari yatasubiri kidogo. Nimekaa vikao ambavyo sekunde hizo zilipingwa kwa saa nzima.

Au tazama madaraja ya waenda kwa miguu. Huelezwa kama zawadi kwa wanaotembea, ilhali kazi yake ni kuwaondoa njiani ili magari yasisimame. Ukitaka daraja lililo mita 5.5 juu ya lami lifikiwe kwa kitimwendo, na mteremko usizidi uwiano wa moja kwa kumi na mbili, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za urefu, unahitaji mita 66 za mteremko kila upande, bado hujaweka sehemu za kupumzikia. Mtu anasafiri zaidi ya mita 130 ili avuke barabara ya mita 14. Ndiyo maana wengi hupita chini kwenye hatari, na wasioweza kukimbia hubaki nyumbani. Kivuko cha usawa wa lami, chenye taa, kisiwa cha kusimama katikati na mteremko mdogo kwenye ukingo, ni bora karibu kila mahali mjini. Ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wa mita 1.8 tu. Na vigae vyenye vinundu ambavyo asiyeona anavisoma kwa fimbo na kwa nyayo vipo tangu 1967, vilipowekwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama, Japani, vikiwa ubunifu wa Seiichi Miyake. Teknolojia haijawahi kuwa kikwazo.

Kasi inaingia hapa hapa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, zaidi ya nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nishati karibu mara 2.8 ya lile linalokwenda 30, kwa kuwa nishati hupanda kwa mraba wa mwendo. Mwili wa binadamu hauwezi kujadiliana na hesabu hiyo. Sweden waliliandika hili kuwa sera mwaka 1997: mtu atakosea, na ni wajibu wa anayesanifu barabara kuhakikisha kosa halimuui. Mwaka 2019 Oslo ilimaliza mwaka mzima bila mwenda kwa miguu wala mwendesha baiskeli hata mmoja kuuawa barabarani. Walipunguza kasi, wakaondoa maegesho mengi katikati ya jiji, wakajenga njia za baiskeli. Kibao cha kilomita 30 peke yake hakitoshi. Barabara pana iliyonyooka inamwambia dereva akanyage mafuta, kibao kiseme kisemavyo. Ni upana wa njia, kona kali na matuta vinavyoamua.

Safari nyingine zinazopotea ni za wanaolea. Dodoso za usafiri zimezoea kuuliza kuhusu safari ya kwenda kazini, na kwa muda mrefu matembezi mafupi hayakuandikwa kabisa. Mtu anayempeleka mtoto shule, akapitia kwa mama yake mgonjwa, akanunua mahitaji na kurudi saa tano asubuhi amefanya safari nne, ila kwenye takwimu anaweza kuonekana kama asiyesafiri. Mara nyingi huyo ni mwanamke. Vienna walipouliza wakazi kuhusu safari zao mwishoni mwa miaka ya 1990, waligundua kwamba wanawake walitembea na kupanda usafiri wa umma zaidi, kwa mizunguko mingi zaidi, na jiji likaanza kupanua njia za miguu, kuongeza taa na kurekebisha vivuko. Mimi ningeongeza nauli. Mfumo unaomtoza mtu upya kila anapobadilisha basi unamwadhibu huyu mwenye safari nne na kumpendelea mwenye safari moja iliyonyooka. Tiketi inayodumu kwa muda fulani, hata dakika 90, ina manufaa kwake kuliko mapunguzo mengi yanayotangazwa kwa mbwembwe. Vilevile ratiba: basi la kila nusu saa mchana linampa subira ya wastani wa dakika 15 kwa kila mbadilisho, na akibadilisha mara tatu, muda wake wa kuwalea wengine umeishia kituoni.

Wengi huniuliza kuhusu magari ya umeme. Nayaunga mkono, hasa mabasi; Shenzhen, China, walimaliza kubadilisha mabasi yao yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme kufikia mwisho wa 2017, na mitaa ikapungua kelele na moshi. Lakini gari dogo la umeme linachukua nafasi ileile, linagonga kwa uzito uleule au zaidi, na matairi yake bado yanatoa vumbi laini. Katika taaluma yetu mpangilio ni kuepusha safari ndefu zisizo za lazima kwa kupanga makazi karibu na huduma, kisha kuhamishia watu kwenye miguu, baiskeli na usafiri wa umma, kisha ndipo kuboresha vyombo. Serikali nyingi zinaanza na la mwisho kwa sababu halimlazimu yeyote kugawana barabara.

Kugawana huko huleta ugomvi wa kweli, hasa pale magari yanapotozwa kuingia katikati ya jiji. London walianza Februari 2003, wakaongeza mabasi kabla ya watu kutakiwa kuacha magari. Stockholm walijaribu kwa miezi michache mwaka 2006, magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa karibu asilimia 20, na baadaye mwaka huohuo wakazi wa jiji wakaikubali kwa kura. Maoni yaligeuka baada ya watu kuona mitaa ilivyobadilika. Naipenda njia hiyo ya kujaribu hadharani kuliko kampeni ndefu za kushawishi.

Kuna kundi lingine ambalo mipango hulitaja kwa aya moja: wenye mabasi madogo, madereva na makondakta wanaobeba watu wengi katika miji mingi ya dunia bila ruzuku. Mfumo mpya unapowaondoa barabarani, unaondoa riziki zao, na mara nyingi unaondoa pia safari za usiku na za mitaa ya ndani ambazo mabasi makubwa hayazifiki. Johannesburg, ilipoanzisha mfumo wa mabasi wa Rea Vaya mwaka 2009, ilijadiliana na waendeshaji wa teksi, yaani mabasi madogo ya huko, hadi wakawa wanahisa wa kampuni inayoendesha mabasi hayo. Mazungumzo yalikuwa magumu na yenye uhasama, na bado nadhani ndiyo njia sahihi.

Ukiitwa kutoa maoni kuhusu mradi wa barabara, usiishie kutazama picha za kompyuta zenye miti na watu wanaotabasamu. Uliza taa ya kuvukia itampa mtu sekunde ngapi. Uliza kama waliohojiwa ni pamoja na wasiotoka nyumbani, na kama kuna aliyeipita njia hiyo usiku. Halafu uliza ratiba ya ujenzi. Njia za miguu, mitaro na taa huwekwa mwishoni mwa mkataba, na fedha zikipungua ndizo hukatwa kwanza. Nimeona barabara zikizinduliwa huku njia ya miguu ikiahidiwa awamu ijayo. Dai ziwekwe katika awamu ya kwanza, na malipo ya mkandarasi yafungwe kwenye kukamilika kwake.