Chuo kimesajiliwa, sawa. Kozi je?

Dirisha la udahili likifunguliwa hapa Arusha mabango yanakuwa kila kona, Kilombero, Sakina, Kijenge, mpaka kwenye vioo vya hiace. Sati ya utalii, famasi, umeme wa magari, halafu chini kwa herufi kubwa KIMESAJILIWA NA SERIKALI. Mimi kazi yangu ni kuandaa mafaili ya vyuo vinavyoomba usajili na ithibati, na nawaambia wazazi ukweli, hayo maneno matatu peke yake hayatoshi kutolea hela.

Kuna ofisi unaingia ukutani wametundika cheti cha BRELA kwenye fremu safi, pembeni TIN, pembeni leseni ya biashara ya jiji. Mzazi akiona mihuri imejaa anachomoa hela ya fomu hapohapo. BRELA inasema tu kampuni ipo, haisemi inaruhusiwa kumfundisha mtu kuchoma sindano!

Wa kuruhusu ni NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Wengi bado mnauliza "kina VETA?" maana ndiyo mliyozoea, na zamani ilikuwa sawa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ilikuwa na vyuo vyake na papo hapo inasajili na kukagua vya wenzake, yaani refa mwenye timu kwenye ligi. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yakahamishia usimamizi huo kwa iliyokuwa NACTE, ikabadilishwa jina ikawa NACTVET, VETA wakabaki na kufundisha. Mimi naona walichelewa tu.

Sasa levo. NVA 1 mpaka 3 ni ufundi stadi, huko hata wa la saba anaingia na anatoka fundi kweli. NTA 4 mpaka 6 ndo sati mpaka diploma, hapo kwa kawaida wanataka pasi nne za fomu foo, masomo ya dini hayahesabiwi, na ukitaka utabibu lazima Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo.

Na hapa ndo watu wanapigwa. Ruhusa haitolewi kwa jengo, inaangaliwa kozi na levo yake. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa NVA ya ushonaji halafu kikatangaza diploma ya utalii ambayo haijawahi kupita popote, au kina famasi iliyokubaliwa wakajiongezea kozi ya maabara kimyakimya kwa sababu wateja wapo. Kozi mpya inataka mtaala, karakana au maabara yenye vifaa vya hiyo kozi, na walimu wenye sifa, tena hapo kwa walimu ndo kuna vituko, nimeshakuta vyeti vya mwalimu mmoja kwenye faili la chuo cha Moshi na la chuo cha huku, pote kaandikwa mwajiriwa wa kudumu, sijui anafundisha saa ngapi huyo.

Mwanafunzi hajui lolote, anasoma, anafanya mitihani, anavaa joho. Kasheshe inaanza akitaka kwenda chuo kikuu na diploma yake, anaambiwa lete AVN, ile namba ya uhakiki, anaingia kwenye mfumo wa NACTVET jina halipo kwa sababu hakuwahi kusajiliwa kule kama mwanafunzi. Wa uuguzi na famasi anakwama hata kabla ya hapo, maana bila kupita kwenye baraza la taaluma yake hapati leseni, na baraza nalo linataka kujua umesoma wapi.

Kwa hiyo ukipiga simu chuoni usiulize kama wamesajiliwa, wote watakwambia ndiyo. Omba namba ya usajili, za vyuo vya afya huwa zinaanza na REG/HAS, kisha fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu kwenye websaiti ya NACTVET, kitafute chuo, ukikipata shuka mpaka uione kozi yenyewe. Wakikujibu "we njoo ofisini tutaongea", kata simu upige kwingine, Njiro peke yake huwezi kukosa.