CD kwenye kioo haizuii tochi

Panda daladala ya Mbagala au teksi ya Kimara, siku moja utaiona: CD inaning'inia kwenye kioo cha ndani, eti "inaichanganya" tochi ya trafiki, kile kifaa cha kupimia mwendo. Haichanganyi kitu. Tochi ya leza hurusha mfululizo wa miale isiyoonekana. Inagonga pleti namba au taa za mbele, inarudi. Gari likisogea, mwale unaofuata unawahi kurudi kidogo kuliko uliotangulia, na kwa tofauti hiyo kifaa kinapiga hesabu ya mwendo kabla hujakanyaga breki. Ya rada husoma badiliko la mawimbi yanayorudishwa na bodi. CD inabembea tu, tena inamziba dereva. Kibao kikisema 50, ukapita na 68, utaandikiwa.